Khalwa ya Watu Sita

Swali la kwanza tuliloulizwa tulipofika Majimoto, mwishoni mwa mwezi wa Septemba, sisi watu sita na vikapu vyetu, magodoro mawili yaliyokunjwa na birika jeusi kwa masizi ambalo mama yangu hakubali kusafiri bila ya hilo, lilikuwa fupi na la huruma: "Poleni. Mmefiwa?" Aliyeuliza alikuwa mzee wa Kipimbwe, mwenye kibanda tulichokwenda kukikaa, na nilipomjibu kwamba hatukufiwa, alitutazama mmoja mmoja kwa utaratibu, kisha akauliza tena kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema kweli pasipo kuaibika, "Basi mmegombana na majirani?"

Sikuweza kumlaumu. Kwa akili yake iliyo timamu, watu wenye nyumba ya bati mjini Mpanda hawaiachi nyumba hiyo, wakamchukua bibi kizee na watoto wa shule, wakaenda kulala mlimani katika kibanda cha kulindia mahindi wakati mahindi yenyewe yamekwisha vunwa tangu zamani, isipokuwa kwa sababu ya msiba au ya ugomvi. Nami nilipotafuta neno la kumweleza, nikajikuta sina. "Mapumziko" lilikuwa dogo, "matembezi" lilikuwa la kitoto, na "khalwa", ambalo ndilo nililolibeba moyoni tangu nyumbani, lilikuwa neno la vitabu vya babu yangu. Tena, nikisema haki, lilikuwa neno la uongo kidogo, maana nani alipata kusikia khalwa ya watu sita?

Kwa wale walionilea Pangani, khalwa ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha la barabarani, mtu mmoja, msala mmoja, tasbihi moja, na mlango uliofungwa kwa ndani. Masheikh wa tarika waliwaingiza murid wao humo kwa siku za kuhesabiwa, wakatoka wamekonda, macho yao yakiangaza, nasi watoto tuliwapisha njiani kwa hofu na taadhima. Nilikua nikiamini kwamba siku moja, nitakapokuwa mtu mzima mwenye amri juu ya nafsi yake, nitaingia khalwa. Kumbe utu uzima ukaja na mke, na watoto, na mama aliyefiwa na mumewe akahamia kwangu, na kazi ya ualimu iliyonileta bara, hata nikafika miaka hamsini na mbili sijapata siku moja ya kukaa peke yangu na Mola wangu, ila dakika zile za usiku ambazo usingizi huzichukua kabla sijazitumia. Ndipo likanijia swali ambalo ndilo kisa cha safari hii: mtu mwenye ahali anayo haki ya khalwa? Akienda peke yake, amewatupia wengine mzigo aliopewa yeye aubebe. Akienda nao, hakwenda. Nilichagua kwenda nao, kwa kuwa likizo fupi ya Septemba ilikuwa imewadia na kwa kuwa mke wangu, binti wa Tabora, alinikatia shauri kwa maneno machache: "Kama ni kumtafuta Mungu, tumtafute wote. Hakukuumba wewe tu."

Njia ya kutoka Mpanda kwenda kusini hufika Sitalike kabla ya kutimia kilomita 40, na hapo Mto Katuma hupita ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyofanywa hifadhi mwaka 1974. Tulishuka kutazama. Mwisho wa kiangazi mto ule huwa si mto tena. Huwa madimbwi ya matope, na viboko wa eneo zima, kwa kukosa pengine pa kwenda, hujazana humo migongo ikigusana, wakikoroma, wakiumana na kuchafuliana maji, mpaka mtu haoni maji bali ngozi tu. "Maskini," alisema mama yangu, "hata pa kupumulia hawana." Binti yangu mdogo, mwenye miaka saba, akauliza mamba wako wapi. Kijana mmoja aliyekuwa hapo akamwonyesha kingo za mto, akasema kwamba mamba, maji yakipungua, hujiingiza katika mapango ya udongo kandokando ya mto, wakatulia humo wiki nyingi bila ya kula, wakingoja mvua. Basi nikapanda gari nikiwa na mawazo mengine nisiyoyatazamia. Ukame ni ule ule mmoja, umewashukia viumbe wawili wa mto mmoja: kiboko amejibu kwa kujumuika, mamba amejibu kwa kujitenga, wala hakuna awezaye kusema kwamba mmoja ameongoka na mwingine amepotea. Wala kiboko hakupata udugu kwa kule kugusana kwake.

Ndani ya hifadhi tulifunga vioo kwa ajili ya ndorobo, wadudu wasiojua mwalimu wala mwanafunzi, tukaipita nchi ambayo jina lake latokana na Katabi, mwindaji wa masimulizi ya Wabende, ambaye roho yake yasemwa kuwa inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huenda kuweka sadaka chini ya mti huo wakiomba heri katika mawindo. Mama yangu aliposimuliwa hayo alijikinga kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mimi nilimwonea huruma Katabi, ambaye hata alipojichagulia mti wake mmoja nyikani hakuachwa bila ya wageni wenye haja. Tukatoka Kibaoni, tukashika njia ya bondeni, Usevya, Mbede, mpaka Majimoto, kata iliyobeba jina la chemchemi za maji ambayo ardhi huyapasha moto kwa chini, kwa kuwa Bonde la Rukwa lote ni ufa mkubwa wa dunia, tawi la magharibi la lile Bonde la Ufa tulilolichora shuleni. Na upande wa machweo, kama ukuta uliojengwa na mtu mwenye hasira, ulisimama mlima unaoitwa Lyamba lya Mfipa.

Kibanda kilikuwa juu ya mteremko wa mlima huo, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na mama yangu alipandishwa kwa punda, jambo alilolipenda kuliko alivyokiri. Kilikuwa cha fito na udongo, paa la nyasi, chumba kimoja. Kando yake palikuwa na dungu la kukaa mlinzi wa shamba, na chini kidogo kijito chembamba ambacho hakijakata tamaa. Hapakuwa na mlango wa ndani. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotufundisha.

Lakini kwanza nitasema juu ya miti. Huko Ulaya na Marekani ya kaskazini, watu wenye nafasi hufunga safari za familia majira haya haya, wakaenda kukaa siku chache katika vibanda vya mbao milimani, ili watazame majani yakigeuka mekundu na manjano kabla ya kupukutika. Nami nimeziona picha zake, nikazitamani. Watafsiri wetu wamehangaika kuyapa majira hayo jina: wengine huandika vuli, wengine demani, wengine mapukutiko, na yote matatu hayatulii, maana vuli yetu ni mvua, na demani yetu ni ule ulegevu wa pepo mwisho wa kusi, wakati mabaharia walipoanza kuhesabu siku. Sikutazamia kuyakuta majira hayo Katavi. Asubuhi ya kwanza nilipotoka nje ya kibanda nilisimama kama mtu aliyeitwa jina: mteremko wote, mitundu na miyombo kwa maelfu, ulikuwa umevaa nyekundu, na rangi ya shaba, na rangi ya zabibu, na rangi ya divai ambayo si halali kwangu kuisifu. Mzee mwenyeji wetu, aliyelala dunguni ili atuangalie usiku wa kwanza, alinisikia nikimsifu Mungu kwa sauti, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia majani yanakufa kwa uzuri. Akacheka hata akakohoa. "Hayafi hayo, Mwalimu. Yamezaliwa wiki iliyopita."

Na ndivyo ilivyo. Miti ya miombo hupukutisha majani yake katika ukame, ikabaki mifupa mitupu. Kisha, kabla ya mvua, wakati nchi ni vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, huchipua upya, na chipukizi lake hutoka jekundu, nalo hugeuka kijani baadaye tu. Wekundu huo, husema wataalamu wengi, hulikinga jani changa na jua kali mpaka liwe na nguvu. Basi kule ughaibuni wekundu ni kwaheri, na huku kwetu ni hodi. Jambo zito kama hili mwalimu haliachi lipite bila ya kulitolea darsa: niliwakusanya watoto wangu watatu baada ya uji, nikawaambia kwamba miti ile haijaona wingu hata moja, haijaahidiwa na mtu, nayo imetoa majani yake yote, na hii ndiyo tawakali. Binti zangu waliitika. Mwanangu wa kiume, aliye kidato cha tatu, miaka kumi na sita, alikuwa akichora udongo kwa kijiti. "Si tawakali, baba," alisema bila ya kuinua uso. "Mizizi yake imefika kwenye maji. Tumesoma."

Nilimkemea kwa adabu yake. Hoja yake sikuijibu, kwa sababu sikuwa nayo.

Siku ile mzee alikaa nasi hadi jioni. Yeye ni Mkatoliki, kama walivyo wengi wa nchi zile tangu Mapadre Weupe walipoingia Karema mwaka 1885, na ni msomaji wa Biblia asiye na haraka. Na baada ya kututafakari mchana kutwa akatangaza kwamba amekwisha jua tulichofuata. "Ni Sikukuu ya Vibanda," alisema. Akatukumbusha sheria ya Mambo ya Walawi, ambayo kwayo wana wa Israeli waliamriwa, katika mwezi wa saba, mavuno yakiisha kukusanywa, waache nyumba zao wakae katika vibanda vya matawi siku saba, ili vizazi vyao vijue kwamba baba zao waliishi hivyo walipotolewa Misri. Nilimshukuru kwa moyo, maana alikuwa amenipa nilichokuwa nikikitafuta, dini iliyomwamuru mtu kutoka nyumbani pamoja na watu wa nyumbani. Lakini mzee hakumaliza. Akasema kwamba Wayahudi waliamriwa kuingia katika vibanda, ilhali watu wa kwao waliamriwa kutoka katika vibanda, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa ni kwa sababu ya malale. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Kiingereza, upande wa magharibi wa nchi, iliwaondoa watu waliokaa mbalimbali misituni, ikawakusanya katika makao makubwa ambako msitu ulifyekwa ili ndorobo wasiwafuate. Babu yake mzee alikuwa mmoja wao, na mpaka kufa kwake alikuwa akiyataja majina ya miti ya uwanja wake wa zamani kama mtu anayetaja watoto. Mara ya pili ilikuwa ni vijiji. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1973 kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini litakuwa jambo la lazima, na mzee, wakati huo kijana mwenye mke mmoja na mbwa wawili, aliivunja nyumba yake huku mlimani kwa mikono yake. Sikumsikia akilalama, shule ilikuja, alisema, na zahanati, na watoto wake wanajua kusoma. Alisema tu, na mimi nayaandika maneno yake kama nilivyoyakumbuka usiku ule, kwamba serikali zote mbili zilimwona mtu anayekaa peke yake kuwa ni mgonjwa au atakuwa mgonjwa. "Na ninyi sasa mnakuja kwa hiari yenu, na bibi juu ya punda."

Niliona aibu kidogo, aibu ya mtu anayechezea kitu alicholipia mwingine. Faragha yangu ilikuwa shamba la mzee. Upweke niliousafiria ulikuwa ni ukiwa wa babu yake. Nadhani kila atafutaye mahali pasipo na watu angefanya vema kuuliza watu wa mahali hapo walikwenda wapi.

Usiku ule, kwa mwanga wa kibatari, nilikifungua kitabu nilichokichukua, ile sehemu ya *Ihya* ya Imamu Ghazali inayohusu adabu za kujitenga. Mtu huyu alikuwa na haki ya kuzungumza. Mwaka 1095 aliacha kiti cha ualimu cha madrasa ya Nizamiya mjini Baghdad, kiti ambacho wanavyuoni wa zama zake wangekitolea jicho, akagawa mali yake akibakiza ya kuwatosha watoto wake, akaenda Sham, ambako alipanda mnara wa msikiti wa Damascus, akajifungia humo mchana kutwa. Katika kitabu chake hatoi hukumu moja ya kujitenga. Huzipima faida na madhara kama mfanyabiashara mwaminifu. Kwa upande wa faida anaweka nafasi ya ibada, na salama ya kusengenya, na salama ya ria, yaani kule kufanya wema kwa ajili ya macho ya watu. Na kwa upande wa madhara anaweka kukosa kufundisha na kufundishwa, kukosa kunufaisha, kukosa ule mkwaruzo wa watu ambao huilainisha tabia. Jambo ambalo nililiona usiku ule kwa mara ya kwanza, ingawa kitabu nimekuwa nacho miaka ishirini, ni kwamba mlango wa kujitenga umo katika robo ile ile ya *Ihya* yenye mlango wa ndoa. Na jambo jingine, ambalo yeye mwenyewe amelisimulia pahala pengine bila ya kujificha, ni kwamba baada ya kuzunguka Sham na Kudusi na Hijazi, kilichomvuta kurudi kwao kilikuwa ni miito ya watoto wake. Sikuweza kujua kama alilisema hilo kwa majuto au kwa shukrani, na nilizima kibatari nikiwa na mashaka hayo.

Tulilala kwa mstari, kama samaki waliopangwa katika tenga: mke wangu na mabinti ukutani, kisha mama yangu, kisha mimi, kisha mwanangu karibu na mlango. Mjini kila mmoja wetu ana chumba chake au pembe yake, na mwanangu anao mlango, ambao nimeuona umefungwa mara nyingi kuliko nilivyouona umefunguliwa, na nyuma ya mlango huo simu yake hung'aa mpaka usiku wa manane. Hapa simu zilikuwa zimekwisha zimika. Nilidhani kalala, mara akasema, "Baba, nikuulize kitu bila ya wewe kukasirika?"

"Uliza."

"Ukisafiri, mimi sisali. Nasali ukiwepo." Akanyamaza kitambo kirefu, nje mbweha akalia upande wa bonde. "Sijui kama namsalia Mungu au nakusalia wewe."

Msomaji aliye mzazi atanielewa nikisema kwamba neno la kwanza lililopanda kooni mwangu lilikuwa la ghadhabu, na kwamba laiti tungekuwa nyumbani ningelisema, naye angeondoka, na mlango ungefungwa, na kila mmoja wetu angekaa katika khalwa yake ya hasira, ambayo ndiyo khalwa pekee tuliyoizoea. Lakini pa kwenda hapakuwapo. Bega lake lilikuwa limegusa bega langu. Upande wa pili mama yangu alikohoa kikohozi kikavu, kimoja tu, kile ambacho tangu utoto wangu maana yake ni kwamba yu macho na anasikia. Basi nikanyamaza, wala sikunyamaza kwa hekima. Nilinyamaza kwa kubanwa.

Na katika kubanwa huko ndipo niliposoma upya, gizani, ule ukurasa niliokuwa nimeusoma kwa kibatari. Imamu anasema mja hujitenga ili aokoke na macho ya watu. Nami kwa miaka yote nilisoma neno "watu" nikiwafikiria wengine, majirani, walimu wenzangu, waumini wa safu ya kwanza wenye vikohozi vya kujulisha kufika kwao. Haikunipitikia kwamba katika nyumba yangu mwenyewe yuko mja mmoja ambaye watu wake ni mimi. Mimi ndiye msikiti uliojaa macho. Mimi ndiye soko. Nilimwamsha alfajiri kila siku tangu akiwa na miaka saba, nikamhesabia rakaa kwa sikio, nikafurahi kwa kuwa alikuwa akisimama. Na kusimama kwake nikakufanya kuwa ni kwangu, kama mtu anayehesabu ng'ombe. Sisemi kwamba nilikosea kumfundisha, kwa maana mtoto hufundishwa, na mafunzo haya tumeamriwa. Nasema kwamba kuna siku ambapo mafunzo hugeuka ulinzi, na mlinzi huwa wa mwisho kuijua siku hiyo.

"Kwa nini umeniambia?" nilimuuliza mwishowe.

"Kwa sababu hapa nisingeweza kuendelea kujifanya," alisema. "Uko karibu mno."

Kesho yake, kiasi cha saa tisa alasiri, alinijia akaomba ruhusa ya kupanda peke yake mpaka kwenye jabali lililojitokeza juu ya kibanda, ambako bonde lote huonekana, na mara nyingine, vumbi likitulia, mng'ao wa Ziwa Rukwa. Nilikuwa na sababu nyingi za kukataa, na zote zilikuwa na meno: chui, nyoka, maporomoko. Mzee, aliyekuwa amepanda kutuletea samli, alizisikia zote, akasema njia ni moja, haina pa kupotea, na nyani watamsindikiza kwa matusi yao. Mama yangu alisema, "Mwache, mwanangu." Mke wangu hakusema kitu, alikuwa amekwisha mfungia karanga katika kipande cha kitambaa, na mihogo miwili ya kuchemsha, na chupa ya maji, akampa kama mtu anayempa mwanawe masurufu ya shule.

Nilipomwona akitoa kile kifurushi, nilimkumbuka bibi Khadija. Tunasimulia sana juu ya pango la Hira, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyokuwa akijitenga humo masiku mengi juu ya Jabali la Nuru, na sisi wanaume hupenda kujifananisha na mwenye kupanda. Riwaya sahihi husema pia kwamba masurufu yakiisha alikuwa akirudi kwa Khadija, akachukua mengine mfano wake, akapanda tena. Na kwamba siku ile wahyi uliposhuka, alirudi akitetemeka, nyumbani kwake, kwa mkewe, akaomba afunikwe, naye akafunikwa kwanza, maswali yakafuata. Mwanamke huyu hakupanda mlimani kuchungulia, wala hakumzuia mumewe mlangoni kwa kuwa chakula kinaisha na biashara inamngoja. Nilidhani kuna njia mbili tu za mtu mwenye ahali, awaache au awachukue. Kumbe ipo kazi ya tatu, nayo ni ya yule abakiye chini, na sikupata kuifikiria kwa sababu daima nilijiweka mimi kuwa ndiye msafiri.

Basi nikabaki chini. Sikuwahi kufanya ibada ngumu kama ile. Jua, kwa kuwa mlima uko magharibi, hutuacha mapema pale mteremkoni. Kivuli kilishuka saa kumi na nusu, bonde likaendelea kung'aa mbali kama nchi ya watu wengine, na wekundu wa miti ukazimika hatua kwa hatua kutoka juu kuja chini. Alasiri ilikuwa imekwisha niingilia, nikasali. Nilijikuta katika kurukuu nikitega sikio kwenye njia ya jabalini, nikajua kwamba hata sasa namhesabia rakaa kijana asiyekuwapo. Nikaanza upya. Magharibi ikaingia, upepo wa baridi ukashuka kutoka uwanda wa Ufipa kama kawaida yake, mabinti wakavaa masweta, na mama yangu akawa amekaa mlangoni pa kibanda na birika lake juu ya mafiga, akitazama moto tu, bila ya kuitazama njia hata mara moja, na kwa ajili hiyo nikajua kwamba hakuwa akiwaza kitu kingine.

Alirudi giza likiwa limekwisha shika, akishuka taratibu, mikono kwapani kwa baridi. Nyani walikuwa wamekwisha nyamaza. Mama yangu alisimama, jambo ambalo magoti yake hayalipendi, akavua kanga yake ya juu, akamzungushia mabegani, akampisha karibu na moto. Hapana aliyesema. Binti yangu mdogo ndiye aliyeivunja amani hiyo, kama ilivyo haki ya umri wake, akamsogelea kaka yake hata akamgusa goti, akamuuliza, "Ulikuwa unafanya nini huko juu?"

Mke wangu aliacha kukoroga sufuria. Nami nilikuwa na swali lile lile mdomoni, limekwisha kaa juu ya ulimi tangu alipoondoka.

"Muulize kwanza kama amekula," alisema mama yangu.

Nikachukua birika, nikammiminia chai.